Shimo Kwenye Kibanja Changu

Niliporudi kutoka Rugu, nilikokwenda kumzika mama yangu, nilikuta migomba yangu ya upande wa juu imelazwa chini na katapila. Lilikuwa bado linanguruma pale kilimani, linasukuma udongo mwekundu kuelekea kwenye tipa lililokuwa likisubiri njiani. Njia yenyewe ilikuwa mpya. Ilipita katikati ya kahawa zangu, na miche iliyokuwa imeanza kuzaa vizuri ilikuwa imepondwa kwenye alama za matairi.

Binti yangu mkubwa, niliyekuwa nimemwachia nyumba na wadogo zake, alinipokea mzigo akasahau hata kuniamkia.

"Walikuja juzi asubuhi," alisema. "Niliwaambia mama hayupo, amekwenda msibani. Wakasema hawamtafuti mama."

Maneno hayo niliyabeba miaka mingi. Mtu anaingia kwenye kibanja changu, anakuta mtoto wangu mlangoni, anaambiwa mwenye nyumba yuko msibani, naye anajibu kwamba hanihitaji.

Kibanja kiko upande wa Mabira. Siku hizo sote tulikuwa Karagwe, Kyerwa haijawa wilaya. Mimi na mume wangu tulikifyeka wenyewe. Kwao walikuwa na kibanja cha ukoo kule chini bondeni, kimegawanywa kwa watoto wa kiume hadi mgomba wa huyu unaangusha majani kwa yule, na kila msimu wa kahawa ndugu walikuwa hawasemeshani. Mume wangu hakupenda ugomvi. Akaomba pori kwa wazee wa kijiji, akapewa. Nilikuwa na mimba ya binti yangu huyo. Tulifyeka, tukachoma, tukang'oa visiki, mikono ikatoka malengelenge hadi nikawa siwezi kusonga ugali. Aliyetusaidia alikuwa jirani yetu, mtu aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana kutafuta kibarua kwenye kahawa, akaoa, akabaki. Tulimpa machipukizi ya migomba yetu ya kwanza naye akaanzisha shamba lake. Mpakani tulipanda miramura, ile mimea ambayo huku kwetu ukiiona imejipanga mstari unajua hapa pana mwenyewe, hata kama nyumba huioni.

Baada ya vita vya Uganda, miaka ile ya foleni ya sabuni, mume wangu alianza kuvuka mpaka kutafuta bidhaa. Kisha akaanza kukonda. Ugonjwa ule watu walikuwa hawajaupatia jina wanalokubaliana; walisema tu "ugonjwa wa kukonda", tena kwa sauti ya chini. Tulimzika kibanjani kama desturi yetu ilivyo, upande wa juu, chini kidogo ya kilima. Nikabaki na watoto wanne, migomba, kahawa, na macho ya watu. Kila nikienda kisimani niliona wanavyoniangalia mikono. Walikuwa wanapima kama nimeanza.

Sasa kilima kile kilikuwa na kifusi kizuri, mawe madogo mekundu yanayoshika barabara. Hatukujua kwamba ni mali. Kampuni iliyopewa kazi ya kutengeneza barabara ilijua.

Siku ile sikuingia hata ndani. Nilipanda kilimani na kanga zangu za msiba. Msimamizi wao alikuwa amesimama kando ya landrova, kijana wa mjini mwenye kofia ngumu. Hakuwa mkorofi wa sura. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia, kwa sababu nililelewa hivyo.

"Nani amekuruhusu kuchimba hapa?"

"Tumezungumza na mwenye eneo, mama."

"Mwenye eneo ni mimi."

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Mwenye eneo ni shemeji yako. Alikuja na mwenyekiti wa kijiji. Sisi na yeye tumeshamalizana."

"Msalaba ule unauona? Pale amelala mume wangu."

"Hatutagusa," alisema. "Tukikaribia, tutawaambia ukoo wamhamishe."

Wamhamishe. Kama gunia.

Nilishuka hadi bondeni kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Nyumba yake ilikuwa inang'aa. Nyasi zilikuwa zimeshushwa na mafundi walikuwa juu wanagongelea bati jipya. Alikuwa uani na wenzake, mbele yao kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mke wake alikuwa mlangoni. Aliponiona akacheka kidogo, akaingia ndani.

"Shemeji," nilisema, "umeuza kaburi la kaka yako?"

"Sijauza kitu. Nimewapa udongo. Udongo tunakula?"

"Umewapa udongo wa nani?"

"Wa ukoo. Wewe umeolewa hapa, shemeji. Kaka ametangulia. Wewe mwenyewe tunakuangalia." Akanitazama mikono, akapandisha macho hadi mashavuni. "Mungu akupe maisha marefu, lakini ardhi lazima iwe na mtu."

Wenzake wakatazama chini. Ningejibu ningemrushia kibuyu. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa jambo lote: walikuwa wameshanizika. Kampuni iliambiwa kuna mjane kule juu ambaye siku zake si nyingi, wasimsumbukie.

Mwenyekiti wa kijiji aliniambia barabara ni maendeleo, na mwanamke asimame mbele ya maendeleo kwa sababu gani. Nikamuuliza kama maendeleo yalishindwa kunisubiri nirudi kutoka kumzika mama yangu. Akasema nina maneno makali. Ni kweli, nilikuwa nayo, na kadiri siku zilivyokwenda yaliongezeka.

Nikaenda Mahakama ya Mwanzo. Nilikuwa sijawahi kuingia mahakamani. Lilikuwa jengo la chumba kimoja chenye mabenchi, na watu wenye kesi za mbuzi na matusi wakisubiri nje chini ya mti wa mparachichi. Nilifungua shauri dhidi ya kampuni na shemeji. Siku ya kutajwa kampuni haikuja. Siku nyingine ikamtuma karani wa kambi yao ya barabara, akaomba muda. Nilikuwa natembea kutoka alfajiri, nafika na vumbi hadi magotini, naambiwa nirudi mwezi ujao. Na kila nikirudi nyumbani nakuta shimo limekua. Ndicho kilichonitia uchungu kuliko chochote: sheria ilikuwa inakwenda kwa miguu na katapila lilikuwa linakwenda kwa dizeli.

Nilihitaji shahidi. Nilimwendea jirani yetu wa Burundi. Nilimkuta anapogolea kahawa zake, akasimamisha kazi, akaniletea kigoda.

"Mama," alisema nilipomaliza, "unajua vijana wangu wawili wapo kambini. Wanapiga sururu. Nikisimama pale, kesho wako nyumbani."

"Najua."

"Na mimi hapa ni mgeni."

"Umefyeka nami pori hili. Mgeni gani?"

"Wewe unasema hivyo. Siku wakitaka kuniita mgeni wataniita."

Niliondoka nimemkasirikia, nikijua kwamba sina haki ya kumkasirikia.

Katika mahakama ile nilishindwa. Wazee wa baraza wawili waliokaa na hakimu walisema desturi inajulikana: mjane anakaa, anakula, hamiliki. Mwenye sauti juu ya ardhi ni ukoo, na ukoo umesema kwa kinywa cha shemeji. Mmoja wa wazee hao alikuwa amekuja kwenye mazishi ya mume wangu, akala kwangu, akanipa pole. Nilisimama nikauliza kama naweza kusema neno. Hakimu akasema hukumu imeshasomwa. Shemeji alinipita mlangoni na kundi la watu wake, akaniambia, "Twende nyumbani, shemeji, tuache mambo ya aibu."

Sikwenda naye. Nilikwenda dirishani kwa karani wa mahakama nikamuuliza mtu akishindwa hapa anakwenda wapi. Yule karani, mama wa makamo aliyekuwa anafuma sweta, alinyanyua macho.

"Wilayani. Unakata rufaa. Lakini usichelewe, siku zina mwisho."

Nikakata rufaa. Lakini rufaa nayo inatembea kwa miguu, na wale wa kilimani walifurahi na hukumu yao. Walichimba kama wanaokimbizwa. Jioni moja nilipanda nikakuta ukingo wa shimo umefika karibu na kaburi, udongo wa juu umeanza kupasuka, na kipande cha miramura niliyoipanda kulizunguka kimeanguka shimoni.

Asubuhi yake nilichukua mkeka, kapu la ndizi mbichi na maharage, na kisu, nikapanda na binti yangu. Nikatandika mkeka kando ya kaburi, upande wa shimo, nikaanza kumenya ndizi. Katapila likaja. Dereva alikuwa mtu mzima, nadhani Msukuma kwa lafudhi yake. Alifika karibu hadi nikasikia joto la injini usoni. Akasimama. Akapiga honi. Nikaendelea kumenya. Binti yangu alikuwa anatetemeka, nikamwambia achambue maharage, mkono ukiwa na kazi hautetemeki sana.

Msimamizi akaja mbio. "Mama, ondoka. Mahakama imeshasema."

"Mahakama haijasema mwisho. Nimekata rufaa."

"Nitawaita polisi."

"Waite. Watanikuta hapa napika."

Akamgeukia dereva. "Sukuma pembeni, huku kushoto."

Dereva akazima injini. Kilima kikawa kimya kabisa, nikasikia ndege. "Bosi," alisema, "mimi nina mama. Kaburi lenye mtu juu yake silisukumi. Panda wewe."

Msimamizi hakupanda. Tulikaa pale siku ile na siku zilizofuata. Polisi walikuja, wakaangalia shimo, wakaangalia kaburi, mmoja akaniamkia, wakaondoka wakisema hili ni la madai siyo la kwao. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walianza kunipokea zamu. Mwingine alikuja na ufinyanzi wake, mwingine na mtoto mgongoni. Katapila lilihamia upande mwingine wa kilima, likaendelea kula, lakini kaburi halikuguswa.

Katika siku hizo ndipo jirani yangu alipopanda. Hakukaa mkekani. Alisimama na fimbo yake, akalitazama lile shimo muda mrefu, mahali ambapo yeye na mume wangu waling'oa kisiki cha mti mkubwa hadi wakalala chini kwa kuchoka.

"Nitasema," aliniambia. "Vijana watapata kazi nyingine. Au watakosa."

Wilayani kampuni haikutuma karani. Ilileta wakili kutoka Mwanza, mwenye suti na mkoba. Mimi nilikuwa na kanga na kinywa changu. Hakimu wa pale alikuwa mtu wa makamo, mkali, aliyekohoa sana. Alisikiliza, kisha akasema anataka ushahidi zaidi juu ya ardhi hiyo ilivyopatikana, maana mahakama ya chini haikuuliza.

Wakili alianza na mimi.

"Mama, una hati ya eneo hili?"

"Huku kwetu nani ana hati? Nina migomba."

"Mume wako alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Uliandikwa homa."

"Na wewe, mama, afya yako ikoje?"

Nilijua swali hilo limetoka wapi, nilijua nyumba ya bati lilikotungwa.

"Afya yangu haijashtakiwa hapa," nilisema. "Kama mnasubiri nife ndipo mjibu kesi, semeni, tuandike."

Hakimu akamwambia wakili aachane na swali hilo. Kisha akaitwa jirani yangu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Wewe ni raia wa nchi hii?" wakili akamuuliza.

"Nimelima hapa tangu ujana wangu."

"Sijauliza kulima. Nimeuliza uraia."

"Bwana," jirani yangu alisema, taratibu, Kiswahili chake kikiwa na Kirundi ndani yake kama kawaida, "mimi nimeitwa kusema nani alifyeka. Walifyeka hawa wawili, huyu mama na marehemu. Mimi nilikuwa wa tatu. Mwingine sikumwona."

Hakimu akamgeukia shemeji. "Wakati wa kufyeka ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa bado mdogo, mheshimiwa."

"Ulishika panga?"

"Hapana."

"Baba yenu alishika?"

Shemeji alitazama viatu vyake. "Hapana. Baba alikuwa bondeni."

Hakimu alikuja hadi kibanjani na kikohozi chake. Alipanda kilimani, akasimama ukingoni. Msimamizi alikuwa anaeleza kwamba watasawazisha vizuri kabisa. Hakimu alimuuliza kwa nini kaburi lina mkeka. Nikamjibu mimi badala yake.

Hukumu ilisema kibanja hakikuwa cha ukoo. Kilifyekwa na mume na mke, na mume alipokufa kilibaki kwa mke na watoto. Kampuni iliingia bila ruhusa ya mwenyewe. Itoke, ijaze shimo, ilipe fidia ya mazao. Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi. Jirani yangu akanisimamia hadi nilipoinuka. Wanawe walikuwa wameshafukuzwa kambini tangu siku aliyotajwa kuwa shahidi.

Ningependa kusema iliishia hapo. Kampuni ilisema itakata rufaa, kwa hiyo haikujaza. Haikukata rufaa pia. Ilimalizia kipande chake cha barabara, na dalali wa mahakama alipokwenda kambini kudai haki yangu alikuta nguzo, tangi lililotoboka na mlinzi asiyejua mabosi wake wamekwenda mkoa gani. Nilipewa haki yote na mkononi sikupata hata koleo moja la udongo wa kurudishia. Watu wananiambia nilishinda. Nilishinda, sawa. Kila nilipolitazama shimo lile nilitamani kumshika mtu shati.

Masika yalipokuja shimo likajaa maji. Ng'ombe wa mwanakijiji mmoja akatumbukia, akafa. Tukaitwa mkutano wa kijiji, na mwenyekiti yule yule akasimama kusema kwamba kwa kuwa mahakama imesema eneo ni la mama huyu, basi na shimo ni lake, na azungushe uzio au alipe ng'ombe. Watu wengine walicheka. Nilisimama.

"Ni langu," nilisema. "Shimo ni langu, na maji ni yangu, na ng'ombe aliyevuka miramura yangu alikuja kwangu bila ruhusa, kama katapila. Uzio nitaweka. Lakini mwenyekiti aliyewaleta kuchimba ataleta miti ya uzio, au turudi wilayani, njia naijua."

Miti ililetwa. Ndani ya uzio nilipanda mikaratusi, maana inakunywa maji kama mlevi, na baada ya miaka kadhaa shimo lilikuwa bonde kavu lenye msitu. Kaburi liko ukingoni, limezungushiwa mawe.

Shemeji yangu alikonda miaka michache baadaye. Nilikwenda kumwona, kwa sababu alikuwa mdogo wa mume wangu. Hatukuzungumza juu ya udongo. Alikufa chini ya bati lake, na kabla majani ya msibani hayajakauka, ndugu zake waliobaki wakamwambia mke wake arudi kwao, kibanja ni cha ukoo.

Alikuja kwangu asubuhi moja, yule aliyecheka mlangoni. Nilikuwa natwanga karanga. Sikumkaribisha kwa upole, wala sitajifanya kwamba nilimkaribisha. Nilimwacha asimame hadi nikamaliza kinu.

"Shikamoo dada," alisema mara ya pili.

"Marahaba."

"Wananitoa. Nimesikia wewe unajua pa kwenda."

Alikuwa amekonda kidogo, na nikajikuta namwangalia mikono, kama nilivyoangaliwa mimi. Hilo lilinikasirisha kuliko yote, kwamba macho yao yalikuwa yamehamia kwangu. Nikasukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa," nilimwambia. "Watoto wako wangapi, na nani alikuwepo mlipopanda ile kahawa ya chini?"

Akaanza kueleza. Alipotaja mtu aliyekuwepo, nilimwuliza kama bado yuko hai na kama ana wanawe kwenye kibarua cha mtu. Kisha nikaenda kubadilisha kanga, tukashika njia ya mahakamani.